Bafu Linalosafiri

Historia tuliyosomeshwa shuleni imejaa wasafiri. Ibn Battuta alisafiri. Vasco da Gama alisafiri. Burton na Speke walipita Mombasa, Tanga na Pangani mwaka 1857, wakapanda milimani mpaka Vuga kwa Kimweri. Wapagazi walitembea miezi na miezi, meno ya tembo mabegani. Sisi tukaikariri miaka yao, tukaijaza kwenye mtihani, tukapata alama zetu, basi. Lakini hebu niambie, ndugu msomaji, umewahi kujiuliza swali moja la kitoto kabisa: watu wote hao walikuwa wakioga wapi? Na haja, je?

Usicheke. Swali hili limenikaa kichwani tangu nilipoanza kuyaona magari fulani kwenye barabara ya Tanga kwenda Pangani. Kwa nje ni basi dogo au Land Rover ya kawaida, vumbi tupu. Ndani ni nyumba: kitanda, jiko, tangi la maji, na pembeni kijichumba chembamba chenye bomba la mvua na choo. Mwenye gari hulala ufukweni, Kigombe au Ushongo huko. Asubuhi anafungua bomba lake, anaoga, anavaa, anaondoka. Vijana wa kijiweni wakiliona gari hilo husema, Mzungu bwana, kaja na choo chake kutoka Ulaya!

Utadhani jambo hili limeletwa juzi. Halikuletwa juzi. Pwani yetu imejua bafu linalosafiri kwa karne nyingi, majini na nchi kavu. Kilichobadilika ni kitu kingine, nacho ndicho ninachotaka tukitazame: ni nani aliyehesabiwa kuwa msafiri anayestahili mlango na maji, na ni nani aliyeyabeba maji hayo.

MAJI NA HESHIMA

Tuanzie nyumbani, maana huwezi kujua msafiri alikosa nini kama hujui alizoea nini. Mtu wa pwani na maji ni kitu kimoja. Udhu mara tano kwa siku, josho baada ya janaba, kopo la maji kila uingiapo msalani. Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Msala ni mkeka wa kusalia, na msalani ni chooni. Watu waliokubali neno moja lihudumie mahali pawili hivyo, si watu waliodharau choo.

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliliona hilo mara moja. Alieleza kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima vifupi, watu wakiteka maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba, wakiosha miguu na kuipangusa kwenye kipande cha mkeka kabla ya kuingia. Yaani mgeni katoka Tanja, kwao Moroko, kapita Misri na Makka, na bado katika mambo aliyoona yafaa kuandikwa kuhusu Mombasa ni namna watu wanavyonawa miguu!

James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi, karibu na Malindi, mwaka 1948, alikuta ndani ya nyumba za mawe vyoo vya shimo pamoja na sehemu za kuchambia. Lamu nyumba kubwa zilikuwa na birika la maji bafuni, na ndani ya birika viliwekwa visamaki vile viluwiluwi vya mbu. Unguja, Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Kidichi ilikuwa shambani, mbali na mji, nayo hamamu ile ilikuwa mahali pa kujiburudisha watu wa jumba walipotoka kuwinda au kutazama mashamba. Kwa hiyo hata ile, ukiitazama vizuri, ilikuwa bafu la wasafiri. Ila bafu lenyewe lilikaa, msafiri ndiye aliyelifuata.

Sasa tusisahau jambo moja. Maji ya nyumba zile hayakujipandisha ghorofani. Yalibebwa na watumwa na vijakazi, mtungi kwa mtungi. Liweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

KISANDUKU CHA TEZINI

Sasa mtu huyu aliyezoea birika na kopo anapanda jahazi. Atafanyaje?

Upande wa dini njia ipo. Asiye na maji hutayamamu kwa udongo safi, na maji ya bahari wanazuoni wameyakubali kwa udhu. Kwa hiyo baharini ndoo ilifungwa kamba, ikatupwa, ikavutwa na maji ya chumvi, na yale matamu yaliyo kwenye mapipa yakabaki ya kunywa na kupikia. Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi na kali: atakayeogea maji matamu leo, keshokutwa wenzake watakuwa na kiu.

Upande wa haja, mafundi wa vyombo walibuni kitu. Nje ya ubavu wa chombo, huko nyuma tezini, walining'iniza kisanduku cha mbao chenye tundu chini. Waarabu wa Ghuba hukiita zuli. Unapanda ukingo wa chombo, unaingia kwenye kisanduku, unachuchumaa, na chini yako ni bahari tupu inayokimbia. Hakina shimo la kujaa wala bomba la kuziba. Wimbi lenyewe ndilo linalokisafisha.

Wazungu wao walikwenda upande wa pili. Katika merikebu zao za tanga mabaharia walijisaidia omoni, mbele kabisa, kwa sababu tanga za mraba hupenda upepo wa nyuma, na upepo huo huichukua harufu mbele. Mpaka leo choo cha meli kwa Kiingereza chao cha baharini kinaitwa kichwa. Na moja ya merikebu hizo ilibaki kwetu. São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda mwamba karibu na Mtangata, yaani Tongoni ya leo, mwaka 1498. Mwaka uliofuata waliporudi kutoka Uhindi, mabaharia wamekufa kwa ugonjwa mpaka waliobaki hawatoshi kuendesha merikebu tatu, waliichoma moto pale pale. Iliteketea na tanga zake na choo chake cha omoni. Ukienda Tongoni kutazama makaburi ya nguzo, geuza shingo kidogo uitazame na bahari.

Turudi kwenye jahazi. Mwishoni mwa mwaka 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi kubwa la Kuwait pale Aden, nahodha wake Ali bin Nasr Al-Nejdi. Wakashuka na kaskazi, Somalia, Lamu, Mombasa, Unguja, mpaka mikoko ya Rufiji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940. Ndani yake utakuta jinsi abiria zaidi ya 100 walivyorundikana sitahani, wanalala juu ya mizigo, wanakula hapo, wanaswali hapo. Hao ni wanaume. Wanawake na watoto waliwekwa chini ya sitaha ya nyuma, katika chumba cha giza, joto, dari la kuinamia, siku baada ya siku.

Hapo ndipo nilipoanza kukielewa kile kisanduku. Kwa mwanamume kilikuwa tatizo dogo. Anapanda, anamaliza, anachota maji, anashuka, hakuna anayejali. Kwa mwanamke, kukifikia tu ni kutoka gizani na kupita mbele ya macho ya chombo kizima. Jahazi lile lilikuwa na choo, hilo ni kweli. Lakini choo unachokifikia kwa kutazamwa na watu mia ni choo cha nani?

BAFU KICHWANI MWA MPAGAZI

Nchi kavu nako kulikuwa na misafara. Pangani ilikuwa moja ya milango mikubwa: njia iliufuata mto mpaka milima ya Usambara na Upare, ikafika Kilimanjaro na Umasaini. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kiasi cha frasila mbili, na frasila ni kama kilo 16. Kwa hiyo kilo 32 au zaidi kidogo, kichwani au begani, mbali na kibuyu chake na mkeka wake.

Katika mizigo hiyo, pamoja na nguo, shanga na nyaya, Mzungu mwenye uwezo alikuwa na mzigo wake maalumu: beseni la kuogea, la bati au la turubai. Jioni msafara unapopiga kambi, mmoja anachota maji, mwingine anakata kuni, mwingine anachemsha, na beseni linatandazwa hemani. Bwana anaoga maji ya moto porini. Kesho yake asubuhi bafu linakunjwa, linarudi kichwani mwa mtu.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha mwanamke. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, May French Sheldon, alitoka Mombasa kwenda Kilimanjaro akiongoza msafara wake mwenyewe, wapagazi zaidi ya 100, bila mume wala ofisa wa Kizungu wa kumsimamia. Wapagazi walimwita Bibi Bwana. Alikuja na machela ya fito zilizosukwa iliyotengenezwa London, yenye paa na mapazia, ya kupumzikia na kulala. Hebu fikiri. Nyumba ndogo inayotembea, yenye mapazia, inalala popote! Gari la kulala lilikuwa limeshabuniwa kabla gari lenyewe halijafika pwani yetu. Tofauti ni kwamba injini ilikuwa mabega ya watu.

Alizunguka Ziwa Chala, akafika kwa machifu wa huko, na wakati wa kurudi machela ikaanguka naye pamoja na wabebaji kwenye kijito, akaumia. Alifikishwa pwani Pangani akiwa mgonjwa. Mwaka 1892 alitoa kitabu, na ile machela ikaenda kuonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Watu wakaishangaa machela. Mabega hayakupelekwa Chicago.

Mimi Bibi Bwana simchukii. Alijua jambo ambalo wasafiri wengi wa kiume hawakulihitaji kulijua: kwamba mwanamke hawezi kusafiri mbali kama hana pazia. Akajinunulia pazia lake. Ila katika msafara ule ule walikuwamo wanawake wetu, waliotembea kwa miguu. Hao pazia lao lilikuwa kichaka, na bafu lao lilikuwa mto, ukiwapo. Na kati ya Mombasa na Taveta kuna nyika ya Taru, ambako mto haupo. Huko maji yalikwenda kwenye vibuyu, na kila tone lilikuwa la koo.

Desturi ile iliendelea. Theodore Roosevelt alipotua Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda, hema lake lilikuwa na sehemu ya nyuma ya kuogea, na maji ya moto kila jioni. Miaka ya 1933 na 1934 Martin na Osa Johnson waliruka juu ya mbuga na milima yetu kwa ndege mbili zinazotua majini. Ile kubwa ilipakwa milia ya pundamilia, na ndani yake kulikuwa na vitanda viwili, jiko, na kijichumba cha kunawia. Kwa hiyo bafu la msafiri limetoka kichwani mwa mpagazi likapaa angani kabla hata barabara ya lami haijafika Tanga.

TUNDU LA RELI

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kutandika reli hapa Tanga, ya kwanza katika nchi yetu. Ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi ikafunguliwa 1912. Umbali wa kilomita 350 na ushee, ambao mpagazi aliukata kwa majuma, sasa ukawa safari ya siku.

Treni ilileta choo cha namna mpya. Kijichumba chenye mlango, ndani yake bakuli lenye tundu, na ukichungulia kwenye tundu unaziona mbao za reli zinakimbia. Ni kile kile kisanduku cha tezini! Badala ya bahari, kokoto. Ndiyo maana abiria walikatazwa kukitumia treni ikiwa imesimama stesheni, na kila aliyewahi kupanda anajua kwamba haja ya mtu hubana hasa treni inaposimama.

Siku za ukoloni behewa lilifuata rangi ya mtu. Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini kabisa kwenye mabenchi. Lakini kadiri miaka ilivyopita, na hasa enzi za Shirika la Reli lililoundwa mwaka 1977, msafiri wa daraja la tatu naye alikuwa na choo ndani ya behewa. Kilinuka, maji yaliisha kabla ya Korogwe, yote kweli. Ila kilikuwa na kitu kimoja ambacho jahazi halikumpa mwanamke wala msafara haukumpa mpagazi: komeo. Unaingia, unafunga, wewe ni wewe. Kwa tiketi ya bei ya chini kabisa mama mwenye vikapu vya machungwa kutoka Muheza alipata mlango unaofungwa, na mlango huo ukasafiri naye. Sijui kama wahandisi wa reli walilitambua hilo. Kwangu mimi ni moja ya mambo makubwa iliyoleta reli.

Baadaye treni ya abiria ya kaskazini ikakatika miaka ya 1990. Ilirudi Moshi Desemba 2019, na Arusha mwaka 2020, lakini kati hapo kizazi kizima kilikuwa kimekua bila kuijua. Kizazi chetu hicho. Sisi ni watoto wa basi.

KUCHIMBA DAWA

Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa barabara ya Segera na Chalinze ni kilomita kama 350. Basi halina choo. Konda ndiye anayejua litasimama wapi, na pengine naye hajui. Mahali fulani penye vichaka linasimama, na inatoka ile kauli inayojulikana na kila Mtanzania: haya jamani, kuchimba dawa!

Kiswahili kina adabu. Mganga huingia porini kuchimba mizizi, kwa hiyo mtu akishuka kuelekea vichakani tunaheshimiana, tunasema kaenda kuchimba dawa. Mamlaka zimewahi kuikataza desturi hiyo na kutaka mabasi yasimame penye vyoo. Pale Segera na Korogwe vyoo vipo, vya kulipia. Lakini tumbo halisomi matangazo ya serikali.

Tazama vizuri linavyosimama basi. Wanaume wanateremka, hatua tatu, wanaligeuzia basi mgongo, wamemaliza, wanawasha sigara. Wanawake wanakwenda mbali. Wanaangalia kulia na kushoto, wanaangalia nyoka, wanaangalia wanaume. Kisha mmoja anafungua kanga yake, anaishika kwa mikono miwili, anageuza uso, na mwenzake anachuchumaa nyuma ya kanga ile. Wakimaliza wanabadilishana. Mara nyingi hata hawajuani majina. Yamewakutanisha hayo tu, dada nishikie.

Hilo, ndugu msomaji, ndilo bafu linalosafiri la pwani yetu. Kanga ilienea kwa wanawake wa pwani tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Huuzwa doti, vipande viwili. Kimoja unakivaa, kingine kinakuwa mtandio, mbeleko, kata ya kubebea ndoo, na porini kinakuwa ukuta. Hakuna aliyeipeleka Chicago kuonyeshwa. Uzito wake hauzidi mkate, na imesitiri wasafiri wengi kuliko machela zote na magari yote ya watalii.

Lakini tusijidanganye kwa kuisifu kanga. Waulize mama zako na dada zako wanasafirije. Wengi watakuambia: siku ya safari sinywi maji. Tangu asubuhi, safari nzima, joto la Mkata lile, hanywi. Wanaovuka na mashua kutoka Kipumbwi kwenda Mkokotoni ni hivyo hivyo, maana katika mashua ndogo hakuna hata pa kujificha. Madaktari wanatuambia kushinda na kiu na kuzuia haja huleta maradhi ya njia ya mkojo. Kwa hiyo kuna tiketi mbili katika basi moja, za bei ile ile. Mwanamume analipa nauli. Mwanamke analipa nauli na kiu.

GARI NA MZIGO WAKE

Sasa twende kwenye lile gari la Ushongo. Kuliwekea gari bafu si uchawi, fundi yeyote wa bodi mwenye akili anaweza. Tangi la maji safi unaliweka chini, katikati ya magurudumu, ili gari lisiyumbe konani. Pampu ndogo ya umeme wa betri inasukuma maji juu. Sakafu ya kijichumba unaitengeneza kama sinia lenye mteremko, maji machafu yaangukie kwenye tangi la pili chini ya gari. Mlango wa kufunga au pazia la plastiki, kitundu cha kutolea mvuke, basi. Maji ya moto? Chukua bomba pana, lipake rangi nyeusi, lifunge juu ya paa. Jua la Tanga litamaliza kazi.

Choo nacho kina njia zake. Kipo cha kisanduku kinachochomolewa kwa nje na kwenda kumwagwa chooni. Kipo cha kutenganisha, mkojo unakwenda kwenye dumu, kinyesi kinafunikwa maranda ya seremala au majivu, na harufu haipandi kwa sababu vitu hivyo viwili havikukutana. Muhimu ni mahali pa kumwaga. Bahari ya Tanga sasa ni hifadhi, tangu 2009, kwa ajili ya silikanti, yule samaki wa kale. Zamani wimbi lilibeba uchafu wa jahazi moja moja. Haliwezi kubeba wa kila mtu.

Ila kazi ngumu ni hesabu ya maji. Bomba la mvua la kawaida hutoa kama lita 10 kwa dakika. Ukioga dakika 10 umekwisha lita 100. Lita 100 ni kilo 100. Kilo 100 ni frasila sita na kitu. Frasila sita ni mizigo ya wapagazi watatu! Yaani kuoga kwako kumoja, kule kwa kuimba imba chini ya bomba, kungehitaji watu watatu kutembea kutoka Pangani wakiwa hawajabeba kitu kingine. Injini imetuficha hesabu hiyo, haijaifuta. Mtu anayeoga kwa ndoo ndogo na kopo anamaliza na lita 10, anatakata vizuri, na katika tangi lile lile wataoga watu kumi. Fundi akiniuliza mimi, nitamwambia aache bomba la mvua, aweke ndoo, kopo na mlango mzuri.

Kwa maana kitu ambacho msafiri amekihitaji siku zote si maji mengi. Maji bibi zetu walijua kuyapima. Ni mlango. Jahazi lilikuwa na maji ya bahari nzima na halikuwa na mlango. Treni ilikuwa na maji ya shida ikawa na mlango, na wanawake wakasafiri. Mwaka 2024 treni za umeme zimeanza kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma, na vyoo vimo ndani. Basi la masafa marefu lisilo na choo linaweza walau kusimama penye vyoo kwa saa inayojulikana, iliyotangazwa kabla ya kuondoka, ili mama ajue kwamba akinywa maji Chalinze hatajuta Mkata. Hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje.

Na sisi tunaojifunza kuandika tuna kazi yetu. Riwaya nyingi nilizosoma zina safari. Shujaa anapanda basi ukurasa wa 40, anateremka Dar ukurasa wa 41, nguo zimenyooka. Hakubanwa, hakuona kiu, hakumshikia mtu kanga. Ndivyo wanavyosafiri watu wa kwenye vitabu vya historia pia, na ndiyo maana historia imejaa wanaume. Mara nyingine utakapompandisha mhusika wako basi la alfajiri pale stendi ya Tanga, kama ni msichana, mwandike amekataa chai. Mwandike anaitazama chupa ya maji ya jirani yake tangu Muheza. Kisha mwandike huyo mwanamke asiyemjua, anayefungua kanga yake vichakani na kugeuza uso pembeni. Msomaji wako wa kike atajua kwamba unazungumza naye.